Jaketi Nililovaa Kinyume

Kwanza naomba mnisamehe kwa makosa ya tahajia na kwa mwandiko wangu. Nilisoma mpaka darasa la saba, shule ya Ediofe, na Kiswahili hakikuwa somo letu. Nilikipata nyumbani kwa mama, ambaye alikipata kwa baba yake aliyekuwa askari. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Ukurasa mmoja unaweza kunimaliza jioni tatu. Pia sijazoea kusema mbele ya watu, na haya yangu ndiyo iliyoleta mambo nitakayoyaeleza.

Nataka kueleza jinsi tulivyokuwa tukijikinga na baridi katika ndege ndogo ya mjomba, na jinsi mkono wake wa kulia ulivyoharibika.

Ndege yenyewe si ile mnayoifikiria. Haina mlango, haina dirisha, haina ukuta. Juu kuna bawa moja la kitambaa kigumu, chini yake kuna kitu kama baiskeli ya magurudumu matatu yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Rubani hukaa mbele, ameshika bomba la chuma linalopita mbele ya kifua chake kutoka kushoto hadi kulia. Bomba hilo ndilo usukani. Akilisukuma au akilivuta, bawa linafuata. Mimi nilikaa nyuma yake, magoti yangu yakimbana mbavuni. Nyuma ya mgongo wangu kulikuwa na injini, na nyuma ya injini pangaboi, lile panga refu linalozunguka na kutusukuma mbele. Watu hudhani injini ilinipa joto. Joto lake lote lilikimbilia nyuma, sisi tukabaki na upepo.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Anaishi Koboko, mtu wa swala tano, asiyepandisha sauti. Alijifunza injini katika gereji za jeshi, kisha akawa fundi wa mzungu mmoja mzee aliyeileta ndege ile. Mzungu alimfundisha kuruka, na alipozeeka akamwachia. Baadaye mradi mmoja wa kupanda miti ukampa kazi. Kila wiki aruke juu ya mashamba ya mikaratusi na misonobari, kuanzia Adumi mpaka pande za Koboko, na mtu wa nyuma apige picha, ili wajue miche imekufa wapi na moto umepita wapi.

Mimi wakati huo nilikuwa naendesha bodaboda, stendi ya Awindiri. Mjomba alikuja nyumbani kuniomba kwa mama. Alimwambia amenichagua kwa sababu mwili wangu ni mwepesi na mdomo wangu umefungwa.

"Huko juu mimi hapana taka redio," alisema.

Mama alicheka, lakini kabla ya kuitikia alimwambia kaka yake kwamba hana mtoto mwingine wa kiume. Mjomba akaweka mkono kifuani na kumwahidi kwamba atanirudisha kila siku nikiwa mzima.

Uwanja wetu ulikuwa Adumi, kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu baba, shamba lililokuwa la tumbaku. Ndege ililala ndani ya banda la zamani la kukaushia tumbaku, ambalo tulilibomoa ukuta mmoja ili bawa liingie. Tuliruka kulipopambazuka, kabla jua halijauamsha upepo. Asubuhi ya mwezi wa saba, huku chini, mtu huvaa sweta na ikamtosha. Kule juu, Mlima Liru ukiwa chini ya miguu yako, mambo ni mengine. Nguo zinalowa kwa ukungu wa mawingu, na upepo unakupiga kama umepanda pikipiki ya mwendo ambao hakuna dereva wa Awindiri angethubutu. Baridi inaanza kwenye vidole, inakwenda kwenye meno, halafu inaingia kwenye akili. Unahesabu mashamba na unasahau umefika ngapi. Unaanza kujionea huruma. Unataka kulala tu.

Tulijifunza kujikinga kidogokidogo. Soksi jozi mbili, na katikati yake mfuko wa plastiki. Usoni tulijipaka mafuta ya shea, yale wanayouza akina mama sokoni, maana bila mafuta ngozi ya mashavu ilipasuka. Tulikula muhogo na karanga za kusaga kabla ya kuruka, kwa sababu tumbo likiwa tupu baridi inakumaliza mapema. Chai ya tangawizi ilikuwa kikombe kimoja tu. Mjomba alisema kikombe cha pili kitakudai haki yake huko juu, na huko hakuna kichaka. Glavu zetu zilifungwa kwa kamba iliyopita ndani ya mikono ya nguo na kuzunguka shingo, kama za watoto wachanga.

Ovaroli yangu aliinunua mjomba katika mitumba ya Arua baada ya kuzunguka siku mbili za soko. Ilikuwa nene, rangi ya samawati, imejaa sufu ndani. Siku moja nilipita nayo stendi, na rafiki zangu walicheka hadi wakainamia pikipiki zao.

"Kuku wa friji amefika," mmoja akasema.

Mwingine akaniuliza kama huko juu malaika hawauzi chai. Mimi nilifurahi. Hakuna mtu stendi aliyewahi kunipa jina kabla ya hapo.

Kutoka stendi nilimletea mjomba mambo mawili. La kwanza lilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ukiikunja na kuiweka kifuani chini ya nguo, upepo haupiti. Alilipokea na akalisifu. La pili lilikuwa jaketi kinyume. Waendesha bodaboda wote wa huku wanalijua. Asubuhi ya baridi unavaa jaketi mbele nyuma, mgongo wake unakuja kifuani kwako, na zipu inabaki nyuma ikiwa wazi. Hivyo upepo hauna mlango wa kuingilia.

Hili mjomba alilikataa. Alinishika bega akanigeuza niitazame injini.

"Kwa pikipiki, nyuma yako iko abiria," alisema. "Hapa, nyuma yako iko panga."

Akaeleza kwamba kitu chochote kikitoka mwilini mwako huko juu, hata kifungo, kinavutwa kwenda kwenye pangaboi, na pangaboi likiumia sisi hatuna miguu. Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya kuwasha injini tulisimama uso kwa uso, na kila mmoja akampapasa mwenzake kutoka shingoni mpaka kiunoni, zipu, vifungo, mifuko, kamba ya glavu. Mjomba aliiita salamu. Hatukuruka hata siku moja bila salamu. Migongo hatukuipapasa, kwa sababu mgongo wa nguo hauna kitu.

Tatizo kubwa lilikuwa vidole vyake. Mimi niliweza kuvikunja vyangu ndani ya ngumi baada ya kila picha, lakini yeye hakuweza kuliachia bomba. Mkono wa kulia ndio ulioumia zaidi. Vidole viligeuka rangi ya majivu, na aliniambia kwamba vikifika hapo hajui tena kama ameshika chuma au ameshika hewa. Basi tukapata njia. Kofia zetu zilikuwa na spika masikioni na maiki mdomoni. Aliposema "kulia", niliinama mbele, nikapitisha mikono yangu pande zote mbili za kiuno chake, nikaufunika mkono wake pale kwenye bomba na kuusugua. Damu iliporudi alisema "basi", nami nikarudi kukaa. Asubuhi nyingine alisema kulia mara kumi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu karibu yote, na kwangu yalitosha.

Siku ninayoisema, zipu ya ovaroli yangu ilikuwa imekatika jana yake, kutoka shingoni hadi tumboni. Nilipaswa kumwambia. Angeahirisha safari, au angenipa koti lake. Lakini nilikumbuka jinsi alivyozunguka mitumba kwa siku mbili, nikaona haya. Niliishona kwa uzi mweusi, na uzi ukakatika nikiwa njiani. Nilitoka Awindiri kwa pikipiki, na juu ya ovaroli nilikuwa na jaketi langu jeusi la stendi, nimelivaa kinyume kama kila asubuhi. Siku nyingine nililivua nikifika bandani. Siku ile sikulivua. Nilijiambia kwamba nikikaa nimeegemea kiti vizuri, uzito wa mgongo wangu utaliziba.

Jaketi likivaliwa kinyume, mifuko yake nayo inakwenda nyuma. Ndani ya mfuko mmoja kulikuwa na spana ya kufungulia plagi ya injini, ambayo kila mtu wa bodaboda hutembea nayo. Sikuikumbuka. Mbele ya Mungu, sikuikumbuka.

Bandani kulikuwa na giza, na mjomba alikuwa na haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Kongo. Tulisimama kwa salamu. Mikono yake ilipita kifuani kwangu ikakuta kitambaa kitupu, hakuna zipu, hakuna mfuko, na chini yake karatasi ya saruji inakwaruza.

"Leo umejifunga vizuri, mtoto ya dada," akasema.

Nikatangulia kupanda, kama kawaida.

Baridi ya siku ile sijawahi kuipata tena. Ukungu uligeuka matone kwenye kofia zetu. Tulimaliza mashamba ya kwanza, tukashika upande wa Koboko, na mjomba akaanza kusema kulia. Mara ya kwanza niliinama kidogo tu, nikihofia mgongo wangu. Hakupata joto. Akasema tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. Basi niliinama kabisa, kifua changu juu ya mgongo wake, nikaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Upepo ukaingia ndani ya jaketi kwa nyuma, nikalisikia likivimba na kupigapiga. Halafu nikasikia mlio mmoja mfupi, kama jiwe dogo linavyogonga bati.

Nilirudi kitini haraka. Nikapeleka mkono kwenye mfuko nikaukuta mtupu, na hapo ndipo nilipoikumbuka spana.

"Kitu gani imelia?" mjomba akauliza.

Chini yetu, wakati ule ule, kulikuwa na uwanja wa mpira wa shule. Nauona mpaka leo. Ulikuwa mpana, umelowa, hauna mtu, na magoli yake ya miti yamesimama. Kofia ya mjomba iliinama upande ule, kwa hiyo na yeye aliuona. Alikuwa anangoja jibu langu. Ningesema neno moja tu, spana, angezima injini na kutushusha pale, na vitoto vya shule vingekuja kutushangaa.

"Hakuna kitu, mjomba," nikasema.

"Wewe iko sawa?"

"Niko sawa."

Akaendelea mbele.

Kutetemeka kwa ndege kulianza kidogo, nikakusikia kwenye kiti kabla yake. Baada ya muda na yeye alikusikia. Alisema pangaboi limechoka, alilinunua limeshatumika, atalibadilisha. Alikuwa anajilaumu tayari, na mimi nilikuwa nyuma yake nimeuma meno. Tulipita uwanja, tukapita barabara, tukaingia juu ya bonde lenye mawe na mto mdogo. Hapo ncha ya pangaboi ikaruka. Kishindo chake kilikuwa kama cha bunduki. Mjomba alizima injini mara moja, na palikuwa na kimya ambacho sijui kukiandika, upepo tu kwenye kitambaa.

Alifanya kazi nzuri. Nataka watu wa Koboko wanaosema aliangusha ndege walijue hilo. Mahali palipobaki pa kutua palikuwa shamba dogo la misonobari iliyofika kiunoni, na alitupeleka pale bila kugusa mawe. Lakini gurudumu la mbele lilishika mche, tukageuka, tukalala ubavu. Bomba liliruka likaubana mkono wake wa kulia kwenye nguzo ya chuma inayoshika bawa. Mtu mwenye vidole vizima angeuondoa. Yeye hakujua hata mkono wake uko wapi.

Aliponyanyuka jambo la kwanza lilikuwa kunipapasa mimi, shingoni, kifuani, miguuni, kwa mkono wa kushoto. Alikuta zipu nyuma ya mgongo wangu. Mkono wake ulisimama pale kidogo. Sijui alifikiri nini. Sidhani alifikiri lolote, maana wakati huo huo aliitazama glavu ya kulia na akaona damu inadondoka kwenye kamba. Hakusikia maumivu mpaka jua lilipotoka na mkono ukaanza kupata joto. Ndipo akakaa chini kati ya ile misonobari, akaanza kulia kimyakimya.

Hospitalini glavu ilikatwa kwa mkasi. Vidole viwili viliondolewa, vitatu vikabaki ila havikunji. Mradi wa miti ulitutumia pole, na sasa wanapiga picha kwa droni, kile kidege kisicho na mtu, ambacho hakisikii baridi. Ndege yetu ilirudishwa Adumi vipandevipande, na kuku wa shangazi yangu anayeishi pale wanataga ndani ya viti vyake.

Mjomba alikuja Awindiri na mkono wake umefungwa. Alisimama mlangoni kwa mama, hakukaa, akasema kwamba alinunua pangaboi la mtumba, akampandisha mtoto wa dada yake, na anaomba msamaha. Mama hakumkaribisha ndani. Nilikuwa nimekaa pale pale, hatua tatu kutoka kwake, nikitazama vidole vya miguu yangu. Sikukuu ya Idi ilipofika mama hakwenda Koboko, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Waliokuwa ndugu wawili tu kwa baba na mama wakaacha kusalimiana, na ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hawana sababu.

Nilihamia Koboko kumsaidia. Mama hakupenda, lakini nilikwenda. Mkono ule una baridi wakati wote, hata saa saba mchana jua likichoma mabati. Kila asubuhi nilipasha kitambaa kwa pasi ya mkaa, nikampaka mafuta ya shea, nikamvisha soksi ya sufu kama glavu. Baridi ikimzidi alisema "kulia", na mimi nikausugua mkono mpaka aliposema "basi". Tuliishi hivyo karibu mwaka.

Siku moja, baada ya swala ya alasiri, aliniambia nilete karatasi. Yeye hawezi tena kushika kalamu, na alitaka kumwandikia mama. Alinyoosha mkono juu ya paja langu niusugue kwa mkono mmoja huku nikiandika kwa mwingine. Salamu zilichukua muda mrefu kwa sababu ya uvivu wa mwandiko wangu. Halafu akasema niandike kwamba makosa yote ni yake, wala si ya mtu mwingine, na kama Mungu atamchukua mapema dada yake asije akambeba moyoni kwa kinyongo.

Niliandika neno makosa, nikaandika neno yote. Kalamu ikasimama. Aliniuliza kama nimesahau herufi. Nikaiweka kalamu chini na nikamwambia mambo yote, zipu, jaketi, spana, na mlio ule kama jiwe kwenye bati.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulijua mbele ya kupita uwanja ya mpira, ao nyuma yake?"

"Uwanja ulikuwa chini yetu, mjomba. Nilikuwa nautazama."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Halafu mjomba akautoa mkono wake kutoka mikononi mwangu, taratibu, bila hasira, kama mtu anavyotoa mkono kwenye maji.

"Basi," akasema.

Ile barua sikuimalizia. Nilikwenda mwenyewe Awindiri nikamwambia mama kwa mdomo, na nilivyo mimi hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko zote. Ijumaa iliyofuata alipanda gari kwenda Koboko. Sasa huenda kila Ijumaa, anakaa na kaka yake, wanakula sahani moja, na wakicheka nawasikia kutoka uani. Mjomba hajanifukuza. Hunisalimu, huniuliza kama nimekula, na akiwa na wageni huwaambia mimi ni mtoto ya dada. Lakini tangu siku ile hajasema tena kulia. Baridi ikimpata anauweka mkono kwapani kwake mwenyewe, anafumba macho na kungoja, na mimi nikisogea na kitambaa cha moto anatikisa kichwa.

Sasa mvua za mwezi wa saba zimerudi. Namwona asubuhi mlangoni, mkono kwapani, na vidole vile vitatu vina rangi ya majivu.

Ninyi mnaosoma, labda yuko kati yenu aliyewahi kuruka katika ndege ya wazi, au mtu wa mlimani, au aliyeumia mkono kama huu, au nesi. Niandikieni kama mnajua namna ya kuupasha moto mkono ambao damu haifiki vizuri. Na kama kuna aliyenyamaza kama mimi, kisha akasema akiwa amechelewa, naye aniandikie, anieleze kilichofuata. Andikeni kwa herufi kubwa kidogo, kwa maana nasoma polepole kama ninavyoandika. Barua zinazohusu mkono nitamsomea mjomba. Amesema nikizipata, nizisome kwa sauti, naye atasikiliza.